du yasema 124, df yasema 76: kusoma hesabu za diski inayobana data

Chukua kompyuta ya ofisi ya kliaringi pale Moi Avenue, Mombasa. Fundi aliweka Linux, akatenga SSD nzima ya GB 256 kwa ajili ya `/home`, akachagua mfumo wa faili wa btrfs na kuwasha mbano. Nusu mwaka baadaye karani anaandika `du -sh /home/ofisi`, amri ya kupima folda, na kupata 124G. Anaandika `df -h /home`, amri ya kupima diski, na kuona zilizotumika ni 76G. Anafuta logi za wiki hii zenye 20G, `df` inashuka kwa 4G. Anafuta folda ya mwaka jana yenye 15G, `df` haitikisiki. Hapo ndipo utasikia kwamba diski ina jini, au kwamba aliyeiuza kaleta bandia.

Diski ni nzima na amri zote mbili zinasema kweli. Ila kila moja imeulizwa swali lake. Faili hii inabeba data kiasi gani? Inakalia nafasi gani kwenye diski? Na nikiifuta, nitarudishiwa kiasi gani? Kwenye mfumo usiobana, kama ext4, majibu ya maswali haya yanakaribiana mno, hata watu wakazoea kuyapa jina moja: saizi. Mbano unayatenganisha. Snapshoti, yaani picha za folda jinsi ilivyokuwa wakati fulani, zinayatenganisha zaidi.

Aliyewahi kushusha viazi Kongowea anaijua tofauti hii, ila sokoni inaitwa lumbesa. Gunia linaongezewa wavu juu, linajazwa mpaka linabenuka, kisha linahesabiwa gunia moja, licha ya kanuni kutaka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Mwenye lori anahesabu magunia. Mnunuzi makini anatafuta mzani. `du` kwenye btrfs ni mzani: inajumlisha data iliyomo kana kwamba haijabanwa. `df` ni mwenye lori: inahesabu nafasi iliyochukuliwa, haijali mlichopakia ndani. Tofauti na sokoni, hapa hakuna mkulima anayepunjwa.

Kabla ya kuendelea, ondoa kwanza tofauti moja ambayo haihusiani na mbano. Muuzaji anaposema GB 256 anahesabu kwa bilioni, ilhali `df -h` inahesabu kwa 1,024. Diski hiyo itasomeka 238G siku ya kwanza, ikiwa tupu. Anayetaka hesabu ya dukani aandike `df -H`.

Mbano unavyokata data

Btrfs haibani faili nzima kwa mpigo mmoja. Inaikata katika vipande visivyozidi KiB 128 (KiB moja ni baiti 1,024), inabana kila kipande peke yake, halafu inakiandika kwenye bloku, vyumba vya diski vya KiB 4 kila kimoja. Sababu ni kusoma: ukihitaji mstari mmoja ulio katikati ya faili ya GB 2, mfumo ufungue KiB 128 tu, usifungue zote.

Ukataji huo una gharama yake. Faili ya MiB 1 ina vipande 8. Tuseme kila kipande kimebanwa kikafika KiB 41. Hakitakaa kwenye KiB 41, kwa sababu nusu bloku haiuzwi: kitachukua bloku 11, yaani KiB 44. Vipande 8 vinafika KiB 352, wakati kalamu yako ilikupa 328. Ndiyo maana ukiibana faili hiyo hiyo kwa mkono, kwa amri ya `zstd`, mara nyingi inatoka ndogo kuliko mfumo ulivyoiweka. Amri ya mkono inaiona faili yote na kukumbuka maneno yaliyojirudia mbali, ilhali mfumo unaanza upya kila baada ya KiB 128.

Faili ndogo zina kisa chao. Faili ya baiti 5,000 bila mbano inachukua bloku mbili, KiB 8. Ikibanwa hadi baiti 2,500 inachukua bloku moja. Faili ya baiti 3,900 tayari iko kwenye bloku moja, kwa hiyo ungetarajia mbano usiisaidie. Lakini ikibanwa ikashuka chini ya baiti 2,048, btrfs haiipi bloku kabisa: inaisokomeza ndani ya metadata, yaani daftari la mfumo lenyewe. Na kwa kawaida daftari hilo huandikwa mara mbili hata kwenye diski moja, kwa usalama. Kwa hiyo baiti 1,500 zinalipiwa 3,000. Bado ni nafuu kuliko bloku ya 4,096, ila si nafuu uliyodhani. Mwenye mamia ya maelfu ya faili ndogo ataona safu ya metadata ikivimba huku safu ya data ikitulia, na hilo si hitilafu.

Mbano unawashwa kwa chaguo la kupachika diski, mathalani `compress=zstd:3` ndani ya `/etc/fstab`. Algoriti zilizopo ni zlib, lzo na zstd. Ya mwisho iliingia kwenye Linux 4.14 mwaka 2017 na ndiyo ya kuchagua leo isipokuwa una sababu maalumu. Daraja la 3 ndilo la kawaida. Madaraja yanapanda hadi 15, na kwenye kompyuta ya ofisi daraja la 15 linakula prosesa bila kurudisha nafasi ya maana. Fedora ya kompyuta za mezani imekuwa ikiwasha `zstd:1` yenyewe tangu toleo la 34 la mwaka 2021. Kwa hiyo wako wengi wanaobana data bila kujua, na ndio wanaoshangaa zaidi wakikutana na `du`.

Chaguo la `compress` lina busara ya kujipima: likijaribu mwanzo wa faili na kuona hakuna faida, faili inawekewa alama na haisumbuliwi tena. Dada yake, `compress-force`, anajaribu kila kipande. Huyo anafaa pale faili inapoanza na data isiyobanika kisha inafuata inayobanika, kama diski za mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta. Kwa folda za kawaida utalipa kwa prosesa na usione tofauti.

Kipi kinabanika

Ofisi ya kliaringi imejaa PDF za bili za mizigo zilizoskaniwa. Kila ukurasa humo kwa kawaida ni picha ya JPEG, na JPEG imeshabanwa tangu kwenye skana. Faida yake kwenye btrfs ni karibu sifuri. Faili za `.xlsx` na `.docx` kwa asili ni zipu zilizovishwa jina jingine; nazo ni vivyo hivyo. Mwenye studio ya harusi Mji wa Kale, mwenye video za H.264 na picha za JPEG, asiuziwe mbano kama dawa ya diski iliyojaa. Atarudi na malalamiko, na atakuwa na haki.

Kinachobanika ni maandishi: logi za seva, CSV zinazotolewa na programu za uhasibu, nakala za hifadhidata zilizoandikwa kama SQL, misimbo ya programu. Hizo kushuka hadi robo au moja ya tano ya ukubwa wake ni jambo la kawaida. TIFF na BMP ambazo hazijabanwa nazo hunywea vizuri, hasa kurasa nyeupe zenye maandishi machache. Barua pepe ziko katikati, kwa sababu ya viambatisho. PDF ikiambatishwa huandikwa kwa base64, njia ya kugeuza faili kuwa herufi za kawaida, ambayo inaivimbisha kwa thuluthi moja. Zstd inaondoa uvimbe huo, karibu robo ya faili, na kuishia hapo. Mtu akiona kisanduku cha barua kimekaa kwenye 75% asidhani zstd imechoka. Imerudisha tu kile base64 ilichoongeza.

Amri ya kuamini: compsize

`du` haiwezi kukuambia mbano umefanya nini, kwa kuwa btrfs inaijibu kwa ukubwa usiobanwa. `compsize` inaweza. Kwenye Debian na Ubuntu paketi yake inaitwa `btrfs-compsize`, kwenye Fedora ni `compsize`. Inahitaji `sudo`. Kwa ofisi yetu, kabla karani hajafuta chochote, ingetoa kitu kama hiki:

```
Type       Perc     Disk Usage   Uncompressed Referenced
TOTAL       61%       73G         120G         124G
none       100%       60G          60G          61G
zstd        21%       13G          60G          63G
```

Asilimia ya safu ya pili ni kiasi kilichobaki, si kiasi kilichookolewa. 21% maana yake data imeshuka hadi moja ya tano. Anayesoma 61% kama akiba ya 61% ameisoma kichwa chini, na kosa hili ni la kila siku.

Safu ya tatu ndiyo nafasi halisi: 73G. Mstari wa `none` ni vile vipande ambavyo mfumo haukuvibana, hapa zile PDF na zipu. Mstari wa `zstd` ni maandishi: 60G zimekaa kwenye 13G. Ongeza metadata, tuseme 1.5G iliyoandikwa mara mbili, unapata 76G ya `df`. Hesabu imefunga.

Safu mbili za mwisho ndizo watu huziruka, na ndizo zenye habari. Ile ya mwisho, 124G, ni jumla ya data ambayo faili zote zinadai kuwa nayo, na ndiyo aliyoiona karani kwa `du`. Ile ya kabla yake, 120G, ni vipande vyenyewe, kila kimoja kikihesabiwa mara moja. Ya mwisho ikiwa kubwa, kuna vipande vinavyotumiwa na faili zaidi ya moja. Huenda mtu amenakili folda ndani ya diski hiyo hiyo: tangu coreutils 9.0, furushi la amri za msingi za Linux, ya mwaka 2021, `cp` ikipata nafasi hainakili data, inaandika tu kwamba faili mpya inaelekeza kwenye vipande vile vile. Nakala hiyo haikugharimu kitu mpaka uibadilishe. Lakini ya mwisho ikiwa ndogo kuliko ya kabla yake, una tatizo la kontena.

Kontena lisilorudi

Wanaoshughulika na mizigo ya Kilindini wanayajua makontena ya mchanganyiko: wenye mali kumi ndani ya kontena moja. Tisa wametoa vyao. Kontena halirudi kwa mwenye meli, na siku zinahesabiwa, kwa sababu ya maboksi mawili ya mtu wa kumi ambaye karatasi zake hazijakamilika.

Kipande cha btrfs kina tabia hiyo. Programu ikibadilisha KiB 4 katikati ya kipande cha KiB 128, mfumo hauandiki juu ya zile za zamani. Unaandika mpya mahali pengine, na kile kipande cha zamani kinabaki chote, kwa kuwa KiB 124 zake bado zinatumika. Hizo KiB 4 za zamani hazina mwenyewe tena, na hazirudi. Faili ya hifadhidata inayoguswa hapa na pale mchana kutwa inaweza baada ya miezi kukalia nafasi kubwa kuliko urefu wake, huku `ls -l` na `du` zikiapa kwamba haijakua. Zaidi ya hayo, andiko jipya la bloku moja halibanwi hata likiwa maandishi matupu, maana chini ya bloku moja hakuna pa kushuka.

Kwa kinaya, mbano unapunguza hasara hii. Vipande vilivyobanwa havizidi KiB 128, ilhali visivyobanwa vinaweza kufika MiB 128 kimoja, na kontena kubwa likikwama linakwama na mengi. Tiba ya hifadhidata na diski za mashine pepe ni kuziweka kwenye folda iliyowekewa `chattr +C`, alama inayouambia mfumo uandike juu ya data ya zamani, kabla faili hazijaundwa. Ukiiweka kwenye faili yenye data tayari haisaidii. Gharama yake uijue: faili hizo hazitabanwa, wala hazitakuwa na hesabu ya uhakiki ya kugundua data iliyoharibika. Kwa hifadhidata yenye uhakiki wake wa ndani, ni biashara nzuri. Kwa kumbukumbu za wateja, hapana.

Nimefuta, mbona haijarudi?

Zile 15G za mwaka jana zimeshikwa na snapshoti. Snapshoti siku ya kwanza haichukui nafasi ya kuonekana, kwa vile inaelekeza kwenye vipande vilivyopo. Inaanza kugharimu siku unayofuta au kubadilisha, kwa kuwa yenyewe haijafuta. Ziorodheshe kwa `sudo btrfs subvolume list /home`. Kwa ofisi nyingi, programu ya kupiga snapshoti iliwashwa na aliyeweka mfumo na hakuna aliyeulizwa.

Kujua snapshoti fulani inashikilia nini peke yake, andika `sudo btrfs filesystem du -s` ukifuatisha jina la folda yake. Safu ya pili inaonyesha kile kisichotumiwa na mwingine yeyote. Ila amri hii nayo inahesabu kwa mzani, bila mbano. Ikisema 15G na humo ni PDF, utarudishiwa karibu 15G. Ikisema 15G na humo ni CSV, tarajia kama 3G. Zidisha kwa asilimia ya `compsize` ya aina hiyo ya data kabla hujamwahidi bosi nafasi. Na kama vipande vimeshikwa na snapshoti mbili kwa pamoja, safu hiyo itasema sifuri kwa zote mbili. Hazirudi mpaka zote mbili zifutwe.

Ukifuta snapshoti, usikimbilie `df`. Usafi unafanyika nyuma ya pazia, na kwa snapshoti yenye faili nyingi unaweza kuchukua dakika kadhaa. `sudo btrfs subvolume sync /home` itakusubirisha hadi kazi iishe. Vivyo hivyo, umetoka kuandika faili kubwa na unataka kupima? Andika `sync` kwanza. Btrfs kwa kawaida hufunga hesabu kila sekunde 30, na kabla ya hapo unasoma daftari ambalo halijasawazishwa.

Kama bado hakuna kilichorudi, angalia kama programu ingali imeishika faili iliyofutwa. `sudo lsof +L1` itaitaja. Anzisha upya huduma hiyo na nafasi itaachiliwa. Hili halihusu mbano, ila limepoteza alasiri nyingi.

Nafasi iliyobaki

`df` inaposema zimebaki 160G, inamaanisha 160G za data isiyobanika. Ukiweka video, utaweka 160G basi. Ukiweka CSV zinazoshuka hadi 21%, zitaingia zaidi ya 700G. Mfumo haujui utaleta nini kesho, kwa hiyo haukisii.

Kuna waliokisia. MS-DOS 6.0 ya mwaka 1993 ilikuja na DoubleSpace, iliyobana diski nzima na kuonyesha nafasi iliyobaki kwa kudhani kwamba vitakavyokuja vitabanwa kwa kiwango fulani, kwa kuanzia mbili kwa moja. Ukiambiwa zimebaki MB 40 na mkononi una zipu za MB 25, zilikuwa haziingii. Kiwango hicho kiliweza kubadilishwa kwa amri, yaani mtu aliweza kujiongezea nafasi kwa kuandika namba. Ukali wa btrfs unachosha, lakini ni afadhali.

Hata hivyo kuna siku `df` itasema zimebaki 30G na mfumo ukatae kuandika, ukidai diski imejaa. Btrfs inaigawa diski kwanza kwa mafungu, kwa kawaida GiB 1 kwa data, na mafungu mengine kwa metadata. Diski yote ikishagawiwa kwa data, metadata ikijaa haina pa kupanuka, hata kama mafungu ya data yako nusu tupu. Hutokea hasa kwa mwenye faili ndogo nyingi na snapshoti nyingi. Andika `sudo btrfs filesystem usage /home` na utazame mstari wa nafasi ambayo haijagawiwa, ule unaoanza na `Device unallocated`. Ukiwa na gigabaiti kadhaa, uko salama. Ukikaribia sifuri, rudisha mafungu matupu matupu:

```
sudo btrfs balance start -dusage=10 /home
```

Amri hiyo inagusa tu mafungu ya data yaliyotumika chini ya 10%, inakusanya vilivyomo na kuachilia mafungu. Haikutosha? Panda hadi 20, kisha 40. Usianze na 100, utaandika upya diski nzima na kuichakaza SSD bure. Metadata usiipange upya kwa mazoea. Unaweza kuibana ikakosa nafasi ya kupumua, ukarudi ulikotoka. Na kama hata `balance` inakataa kwa kukosa nafasi, anza na snapshoti ya zamani kabisa: ifute, subiri usafi uishe, jaribu tena.

Mtego wa kubana vya zamani

Kuwasha `compress` hakugusi faili zilizokuwepo. Vinavyobanwa ni vitakavyoandikwa kuanzia hapo. Kubana vya zamani ni kwa amri hii:

```
sudo btrfs filesystem defragment -r -czstd /home/ofisi
```

Hapa ndipo watu huijaza diski wakiwa na nia ya kuipunguza. Amri hiyo inaandika data upya, na inavunja ushirikiano na snapshoti. Folda ya 60G isiyobanwa, yenye snapshoti, inaandikwa upya kwa 20G. Zile 60G za zamani zinabaki zimeshikwa na snapshoti. Ulikuwa na 60, sasa una 80. Kama diski ilikuwa imebakiwa na 15G tu, utagonga ukuta katikati. Futa snapshoti kwanza, au fanya folda moja baada ya nyingine huku ukitazama `df`.

Ukihamia ZFS au Windows, mazoea yanageuka

Kwenye ZFS, mfumo mwingine wa faili unaobana, `du` inasema nafasi halisi, baada ya mbano. Ukitaka mzani, andika `du --apparent-size`. Amri ile ile, faili zile zile, majibu kinyume na ya btrfs; anayesimamia seva za aina zote mbili ajiandikie ukutani. Ukitoka tu kuandika faili, `du` huweza kusema inakalia baiti 512. Subiri sekunde kama tano, data ishuke diskini, uulize tena. Picha kamili inatoka kwa `zfs list -o name,used,logicalused,compressratio`, ambapo uwiano wa 1.64x maana yake data ni mara 1.64 ya nafasi inayokalia. Hapa namba kubwa ndiyo nzuri, kinyume cha asilimia ya `compsize`.

ZFS ina sababu ya kuwasha lz4, algoriti yake ya mbano, hata kwa folda ya video. Rekodi zake kwa kawaida ni KiB 128, na faili ya KiB 129 inachukua rekodi mbili nzima, KiB 256. Ile ya pili imejaa sifuri karibu yote, na mbano unazifuta sifuri hizo. Kuhusu kiwango cha juu cha matumizi unachomwekea mtu: kinahesabiwa baada ya mbano. Aliyepewa 10G ataweka logi za 40G, bila kuvunja sheria yoyote.

Windows ni rahisi zaidi kusoma. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na NTFS, mfumo wa faili wa Windows, inakupa mistari miwili: `Size` ni mzani, `Size on disk` ni nafasi. NTFS inabana kwa vipande vya KiB 64 kwenye diski yenye klasta (ndizo bloku za NTFS) za KiB 4, na klasta zikiwa kubwa kuliko hizo mbano huo haupatikani kabisa. Ukiona chaguo limefifia kwenye diski ya nje, angalia hapo kwanza. Amri ya `compact /s`, ukiiandika ndani ya folda, inaonyesha uwiano wa kila faili.

Kuhamisha

Karani sasa anataka nakala ya akiba. Ameona 76G kwenye `df`, ananunua flashi ya GB 128. Haitaingia. Faili zikitoka kwenye btrfs zinafunguka na kuwa data kamili, na flashi ya exFAT haijui kubana wala kushirikisha vipande: 124G zote zitahitaji mahali, wakati flashi yake ikipimwa kwa kipimo hicho hicho ina 119G. Kwa kila safari ya kutoka nje ya mfumo, namba ya kuangalia ni ya mzani: `du -sh --apparent-size` inaitoa kwenye btrfs na ZFS zote mbili. Kwa mtandao ni hivyo hivyo. `rsync`, amri ya kunakili faili, inasoma data iliyofunguliwa na kuituma nzima, mpaka uiongezee `-z`.

Akitaka iingie, ana njia mbili. Ya kwanza ni kuipa flashi mfumo wa btrfs wenye mbano, na kukubali kwamba haitasomeka kwenye Windows ya saiba. Ya pili ni kufunga kila kitu kwenye faili moja:

```
tar --zstd -cf /media/flashi/ofisi.tar.zst /home/ofisi
```

Zile 60G za maandishi zitashuka tena, pengine chini ya 13G kwa kuwa sasa zstd inatazama mbali zaidi ya KiB 128. PDF zitabaki 60G na kitu. Ahakikishe tu kwamba flashi ni exFAT na si FAT32, ambayo haipokei faili inayofika GiB 4. Hapo `tar` itakufa mapema ikidai faili ni kubwa mno, na flashi itaonekana bado tupu.